Mistari Isiyokatana

Jumapili ya kwanza dada yangu alininyang'anya rula.

Tulikuwa nyumbani kwake, kwenye meza ya kulia yenye kitambaa cha plastiki cha maua, yeye amekaa upande wa jikoni, mimi upande wa dirisha. Alikuwa amechora viduara viwili kwenye karatasi. Kimoja alikitia alama ya kujumlisha, kingine alama ya kutoa. Alikuwa amenieleza mara mbili kwamba kitu chenye chaji kina eneo lake, na chaji nyingine ikiingia humo inasukumwa au inavutwa. Eneo hilo ndilo uga wa umeme, na mistari inayochorwa inaonyesha msukumo unaelekea wapi. Nilimwambia nimeelewa. Nikachukua rula.

Nikapiga mstari mmoja ulionyooka kutoka kwenye chanya hadi kwenye hasi. Wa pili nikaupandisha juu, nikakata kona ya mraba, nikaupeleka, nikakata kona nyingine, nikaushusha. Wa tatu hivyo hivyo kwa chini. Kazi safi. Ungeweza kumpelekea mteja.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Mistari."

"Hizi ni nyaya, kaka. Umenitandazia nyaya za nyumba."

Akaichukua rula akaitia kwenye droo ya vijiko.

Mimi ni fundi umeme, na ufundi wenyewe sikuusomea kitabuni. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitatu. Tangu hapo nimefunga umeme kwenye nyumba, maduka, viwanda viwili, na miaka kumi na tisa sasa niko karakana ya matengenezo ya hospitali kubwa. Umeme ukikatika chumba cha upasuaji, anayetafutwa ni mimi. Bodi kuu ya umeme ya hospitali ile naijua kama ninavyojua meno yangu, yaliyopo na yaliyong'oka.

Halafu likaja tangazo. Lilibandikwa kwenye mlango wa karakana, na mtu aliyelibandika alitumia plasta ya vidonda. Lilisema kuanzia mwaka unaofuata hakuna atakayegusa bodi kuu bila leseni ya daraja la kwanza, isipokuwa amesimamiwa na mwenye leseni. Na leseni ni mtihani wa karatasi mbili, moja ya ufundi na nyingine ya nadharia. Ya ufundi nilipata tisini na nne. Ya nadharia nilifeli, nikarudia, nikafeli tena kwa arobaini na sita, na kufaulu ni hamsini. Nafasi ni tatu. Ukifeli ya tatu unasubiri miaka mitano. Baada ya miaka mitano, magoti yangu hayatakubali tena kupanda ngazi.

Mwenye leseni pale karakana ni mmoja tu. Tunamwita Miwani. Si mtu mbaya, ila Mungu alimpa kichwa cha karatasi na mikono ya kushikia kikombe cha chai. Mwaka juzi alibadilisha waya mbili chumba cha kufulia, mashine zote zikaanza kuzunguka kinyume, na shuka za wodi nzima zikatoka zimejisokota kama kamba ya kufungia mbuzi. Huyo ndiye angesimama nyuma yangu kunisimamia. Ningefungua kifuniko cha bodi, yeye angekohoa, angeniambia, "Endelea, mzee." Nilikuwa nikiliwaza hilo hata nikipiga mswaki.

Swali la mistari ya uga huja kila mwaka, alama kumi nzima. Mara zote mbili nililiacha wazi. Ndiyo maana nikaenda kwa dada.

Dada ni mdogo wangu kwa miaka minne. Anafundisha fizikia shule ya sekondari ya wasichana, na wanafunzi wake wanamwogopa kama sindano. Kwangu mimi alikuwa mpole. Hapo ndipo tabu ilipoanzia. Nikikosea alisema, "Si kitu, kaka, tutarudia," kwa sauti ile ambayo wauguzi wetu humsemesha mgonjwa aliyekwisha kukatiwa tamaa. Akaniongezea chai. Akanisogezea maandazi. Nilikuwa nanenepa na sijui lolote.

Jumapili ya pili alinipa viduara vitatu. Mistari ikawa mingi, nikaona miwili lazima ipishane, nikafanya kama tunavyofanya kazini. Waya mbili zikipita moja juu ya nyingine bila kuungana, kwenye mchoro unaweka kidaraja, kijinundu kidogo pale zinapopishana, ili fundi atakayekuja baadaye ajue hazigusani. Nikaweka kidaraja. Kikatoka kizuri sana.

Dada alikitazama. Akaegemeza paji la uso mezani.

"Haikatani," alisema akiwa bado ameinama. "Mistari ya uga haikatani. Hata kwa daraja."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haiwezi."

"Nani kaikataza?"

Akainua kichwa, akanieleza habari za chaji ndogo ya majaribio, kwamba ukiiweka mahali fulani inasukumwa upande mmoja tu, na mistari ikikatana maana yake pale pale inasukumwa pande mbili. Nikamwambia mimi mwenyewe kazini nasukumwa pande mbili kila siku, matroni huku na mhasibu kule, na bado nipo. Akacheka kwa adabu. Sikuwa natania.

Jumapili ya tatu tatizo lilikuwa mwisho wa mstari. Alichora kiduara kimoja tu, chanya, hakuna hasi karibu, akasema mistari inatoka pande zote inaelekea mbali. Nikauliza inaishia wapi. Akasema haiishii, inaendelea. Mimi nimeona mtu aliyeshika waya ulioachwa hewani. Alikuwa mpaka rangi, na ngazi yake ilikuwa ya chuma. Waya ukiishia hewani unaufunga. Basi kila mwisho wa mstari nikauwekea kifuniko kidogo, kama tunavyozungushia utepe mweusi.

Shemeji, mume wa dada, alikuwa anapita kwenda jikoni. Akasimama nyuma yangu, akainamia karatasi.

"Shemeji umechora konokono wangapi?"

"Endelea na safari yako," nikamwambia.

Na kila Jumapili, mwisho wa yote, kulikuwa na mishale. Mstari unatoka kwenye chanya unaingia kwenye hasi, kwa hiyo lazima uwe na mshale. Mimi sikuweka. Si kwa ubishi, mkono tu haukuwa na habari hiyo. Umeme wa majumbani unaenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde. Fundi akikuchorea mshale kwenye waya wa nyumba, mfukuze. Dada akisema, "Mishale, kaka," nami naweka. Karatasi inayofuata nasahau. "Mishale peke yake ina alama tatu," aliniambia, kwa upole, akanisogezea sukari.

Jumapili ya tano nikashindwa kuvumilia. Nilikuwa nimechora sahani mbili, moja chanya moja hasi, na katikati mistari iliyonyooka, ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa inataka kunyooka kweli. Nikaipiga kwa mkono mtupu bila rula. Nikajua nimepata. Dada akatazama akasema ni nzuri sana, kaka, ila kule karibu na sahani ya chanya nimeibananisha na karibu na hasi nimeitawanya, na ilitakiwa nafasi ziwe sawa kwa sababu nguvu ni ile ile. Ila si kitu. Tutarudia.

Nikaitupa penseli. Ikagonga friji ikaingia chini yake. Nikasema basi, imetosha, naacha, Miwani anisimamie hadi nizikwe, wala si mbaya, atanishikia tochi.

Dada akanishika mkono.

"Uliacha mara moja kwa ajili yangu," akasema. "Mara hii sikuachi uache."

Inabidi nieleze. Kwenye ukoo wetu kuna hadithi kwamba mimi niliacha shule ili yeye asome. Inasimuliwa kwenye misiba na kwenye harusi. Shangazi zetu wakiisimulia wanapangusa macho. Nami kwa miaka thelathini na tano nimekaa pale na kuangalia viatu vyangu, kama mtu mnyenyekevu.

Damu ilikuwa imeshanipanda.

"Sikuacha kwa ajili yako," nikasema. "Niliacha kwa sababu sikuweza kukaa. Nilikuwa sielewi sehemu, zile za namba juu na namba chini. Nikaruka ukuta, nikaenda kumshikia ngazi fundi mmoja sokoni. Baba aliponibana nikamwambia kuna uwezo wa kusomesha mmoja, asome mdogo. Ilisikika vizuri. Nikaiacha hivyo hivyo."

Shemeji alikuwa mlangoni. Akarudi chumbani kinyumenyume.

Dada aliuachia mkono wangu. Akainuka, akakusanya vikombe, akavipeleka kwenye sinki, akafungua maji. Alivisuuza vikombe viwili kwa muda ambao mtu mwingine angefua pazia.

"Nilisema siku ya harusi yangu," akasema bila kugeuka. "Mbele ya watu mia tatu. Wewe ulikuwa umekaa mbele. Ulitoa leso ukalia."

"Nilikuwa na mafua."

Akafunga maji. Nikachukua koti langu nikaenda. Barabarani nilijisemea kwamba ukweli ni ukweli, kisha nikajiuliza ungepungukiwa nini ukweli huo kama ungekaa kimya miaka mingine thelathini na tano. Leseni ndiyo basi. Na dada labda ndiyo basi.

Ikapita wiki nzima sina raha, nagombana na kila bisibisi. Jumamosi jioni ukaja ujumbe kwenye simu. *Saa nane. Njoo na penseli, ile nyingine imeliwa na friji.*

Nilipofika hapakuwa na chai. Hapakuwa na maandazi wala sukari. Kulikuwa na karatasi, na mkononi mwa dada kulikuwa na kalamu nyekundu ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Nilichora. Akaitazama kwa muda wa kumeza mate mara moja, akapiga mstari mwekundu kutoka kona hadi kona.

"Mbovu. Rudia."

Nikarudia. "Mbovu." Nikarudia. "Hii umeichora ukiwa umelala?" Nikamwambia asinisemeshe kama mtoto. Akasema wanafunzi wake wana miaka kumi na sita, hawatupi penseli, na wanaweka mishale. Nikafunga mdomo nikarudia. Nilirudi nyumbani usiku haujaingia lakini macho yangu yalikuwa yameshafunga duka, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nakumbuka nilichokosea. Alikuwa ameacha kunihurumia. Sikujua kabla ya hapo kwamba huruma yake ndiyo ilikuwa imekaa katikati ya karatasi na macho yangu.

Jumatano ya wiki ile tulikuwa tunasimamisha nguzo ya taa nyuma ya chumba cha jenereta. Tulifunga kamba mbili juu yake. Watu wawili walivuta moja kuelekea ukutani, wengine wawili walivuta nyingine kuelekea getini, maana kila kundi lilisema ndilo lililoelewa maelekezo. Nguzo haikwenda ukutani. Haikwenda getini. Ililala katikati yao, upande wa tangi la maji, na nisingekwepa ingenichukua meno yaliyobaki.

Watu wakaanza kulaumiana. Mimi nilibaki nimeitazama ile nguzo. Kamba mbili, nguzo moja, njia moja. Hata ungefunga kamba tano. Nguzo haiwezi kuangukia pande mbili, inaangukia upande mmoja, na ukihamisha kamba kidogo inaangukia upande mwingine kidogo, lakini daima ni mmoja. Nikachukua kipande cha boksi na penseli ya seremala, nikakaa juu ya ndoo. Nikaweka chaji mbili pale zilipokuwa zile kamba. Nikaweka nguzo hapa, nikauliza itaangukia wapi, nikapiga kamstari. Nikaisogeza, nikauliza tena. Vijistari vikaanza kuungana vyenyewe kuwa mistari, na mistari ikapinda yenyewe, na hakuna hata mmoja uliokuja kumkanyaga mwenzake.

Miwani akaja akauliza mzee unachora nini. Nikamwambia ramani ya pua yake. Nilikuwa nimefurahi, na furaha yangu huwa inatoka hivyo.

Jumapili nilimweleza dada habari za nguzo. Alisikiliza huku ameweka kalamu nyekundu chini. Halafu akasema, "Ndivyo ilivyo," akaichukua tena kalamu. "Sasa chora chanya mbili zilizo sawa."

Hizo zilikuwa ngumu kuliko zote. Mistari ya huku na mistari ya huku inaelekeana, inakaribiana, kisha kila mmoja unageuka na kwenda zake juu au chini. Katikati kabisa panabaki patupu. Pale nguzo haiangukii popote, kamba zinavutana sawasawa. Mimi sehemu tupu kwenye mchoro naijua kuwa ni kazi ambayo mtu ameisahau. Mara nne nikatia kitu pale. Mara nne nikapigwa nyekundu. Mara ya tano nikaacha patupu huku mkono ukiniwasha.

Shemeji akachungulia. Akaona viduara viwili vilivyo sawa na mistari yake imepeana mgongo.

"Hawa si ninyi?" akauliza.

Hatukucheka. Akaenda kulisha kuku.

Siku ya mtihani tulikaa kwenye ukumbi wenye madirisha ya juu sana, viti vya plastiki, meza zinazoyumba. Nilikunja karatasi ya choo nikaiweka chini ya mguu mmoja wa meza yangu, maana siwezi kufanya kazi kwenye kitu kinachocheza. Msimamizi alikuwa mama wa makamo mwenye saa kubwa ya mkononi. Kushoto kwangu alikaa bwana mmoja mnene mwenye kofia ya sufu, ambaye hakuivua ingawa joto lilikuwa la kuokea mkate.

Maswali sita ya kwanza nikayafanya kwa jinsi nilivyojaliwa. Nikafungua ukurasa, swali la saba.

Matufe mawili yenye chaji chanya zilizo sawa. *Mistari miwili ya uga imekwisha kuchorwa. Kamilisha mchoro kwa kuongeza mistari iliyobaki.*

Nikashangilia moyoni. Zile zile. Kisha nikaitazama ile mistari miwili iliyochapwa. Mmoja ulitoka kwenye tufe la kushoto ukaelekea kulia. Mwingine ulitoka kwenye tufe la kulia ukaelekea kushoto. Na katikati ilikatana.

Nikavua miwani yangu ya kusomea, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Ilikatana. Hapakuwa hata na kidaraja.

Nilikaa pale nikiwa nimeshika penseli na hasira inanipanda kutokea magotini. Miezi minne dada amenipiga nyekundu kwa sababu ya kosa hili hili, na sasa wenye mtihani wao wamelichapa kwa wino na wananiambia nilikamilishe. Nikanyoosha mkono. Msimamizi akaja. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mchoro huu umekosewa.

Akainama akautazama kwa makini, kwa jinsi unavyotazama injini ya gari la mtu mwingine.

"Mimi si wa fizikia, baba," akasema. "Mimi ni wa kusimamia. Jibu ulichoulizwa."

Basi ikawa hivi. Nikikamilisha mchoro wao, nachora kitu ambacho najua hakipo, lakini nafuata maelekezo, na anayesahihisha labda ana karatasi ya majibu yenye kosa hilo hilo. Nisipokamilisha, nimekataa kujibu swali la alama kumi, na nafasi yangu ni ya mwisho. Nilimwona Miwani nyuma ya bega langu na tochi yake. Endelea, mzee.

Lakini mimi sijawahi kuunganisha waya wangu kwenye kazi mbovu ya mtu mwingine. Ukikuta mbovu unaing'oa kwanza, ndipo unaanza. Nimeshagombana na mabosi wanne kwa jambo hilo. Nikaandika pembeni, kwa herufi kubwa ili kusiwe na kisingizio: SIKAMILISHI MCHORO HUU. MISTARI YA UGA HAIKATANI. MCHORO SAHIHI NI HUU HAPA. Nikageuza karatasi, upande wa nyuma nikachora matufe yangu mwenyewe. Mistari minane huku, minane huku, imeanza wima kwenye tufe, imepinda bila kushikana, inaendelea hadi ukingoni mwa karatasi bila kifuniko. Katikati nikapaacha patupu. Hakika ilikuwa kazi ya mtu mzima.

Karatasi zilipokusanywa niliiona ya yule bwana wa kofia. Alikuwa amekamilisha. Mistari yake yote ilikatana, ungeweza kuitumia kuchujia nazi.

Nilimpigia dada simu nikiwa bado kwenye ngazi za ukumbi. Nilipomwambia nilichoandika nikasikia anacheka, cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu ile siku ya vikombe. Alinifanya nirudie mara mbili. "Umewakatalia," akasema. "Kumi hiyo, kaka. Kumi kavu." Nikatembea hadi nyumbani kwa miguu.

Majibu yalikuja baada ya miezi miwili na nusu, katika bahasha ya kahawia. Niliifungulia stoo, mlango umefungwa. Nadharia: hamsini na mbili. Amefaulu. Nikakaa juu ya roli la waya. Nikasoma tena. Chini kulikuwa na maneno madogo. *Swali la saba limefutwa kutokana na kasoro ya mchoro. Watahiniwa wote wamepewa alama zote za swali hilo.*

Wote. Nikayasoma maneno yale mara tano nikitafuta mahali pengine pa kuyashika. Wote maana yake na yule bwana wa kofia, na chujio lake la nazi, kumi. Na aliyeacha wazi, kumi. Mimi niliyetoa jasho Jumapili kumi na saba, niliyewaambia kosa lao kabla wao hawajalijua, kumi ile ile. Hakuna aliyeitazama kazi yangu. Wameifagia pamoja na takataka nyingine.

Miwani alinipa mkono, akasema hongera mzee, sasa tuko wawili. Watu karakana wakanishangaa. Mtu amepata leseni na uso umekunjamana kama aliyekanyaga msumari.

Jumapili nikaenda kwa dada, leseni iko mfuko wa shati. Kesho yake nilikuwa nifungue bodi kuu peke yangu, bila mtu wa kukohoa nyuma yangu. Dada alitaka kutengeneza chai. Nikakataa. Nikaomba karatasi.

"Ya nini? Umeshafaulu."

"Nataka mtu aisahihishe."

Akaelewa. Akaleta karatasi na kalamu nyekundu. Nikachora pale pale mezani, upande wangu wa dirisha, kama nilivyochora siku ile. Matufe mawili. Minane huku, minane huku. Mkono ulikuwa umetulia kuliko hata ukumbini. Katikati patupu. Nikamsogezea.

Shemeji akasimama mlangoni na ndoo ya chakula cha kuku.

Dada aliitazama muda mrefu. Nilimwona anahesabu mistari kwa ncha ya kalamu, anafuata mmoja mmoja kwenye kona zake.

"Hivi hivi ndivyo ulivyochora kule?"

"Hivi hivi. Mstari kwa mstari. Sijaongeza, sijapunguza."

Akafungua kalamu, akaandika kwenye kona, akaigeuzia kwangu. Saba juu ya kumi.

Nikaitazama ile saba. Nikaitazama karatasi. Mistari kumi na sita, safi, imenyamaza, na hakuna hata mmoja uliosema unakwenda wapi.

"Hamsini na mbili toa tatu," akaanza shemeji.

"Nenda kwa kuku," dada akamwambia.

Hesabu ile hata mimi niliiweza: arobaini na tisa, na kufaulu ni hamsini. Haikuwa na namba juu na namba chini. Kama mchoro wao usingekuwa na kasoro, mchoro wangu ungetazamwa, na kama ungetazamwa, leo ningekuwa wa Miwani. Leseni mfukoni ikawa nzito ghafla. Nikataka kutupa kitu, lakini penseli ilikuwa moja.

Dada hakusema si kitu. Hakusema tutarudia. Aliirudisha karatasi mbele yangu, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Weka."

"Dada, nimeshafaulu."

"Mimi sijakufaulisha. Weka mishale."

Nikaweka. Mmoja, wa pili, wa tatu. Meno yamebanana, kiti kinalia, nje kuku wanagombania chakula na shemeji anawanong'oneza jambo. Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Nikaisukuma karatasi ng'ambo ya meza.

Akaipitia. Kalamu nyekundu ikatembea, ikatembea, ikasimama.

"Huu umeuelekeza ndani," akasema.

Nikatafuta kifutio.